Mtu wa Tatu

Bango lilidondoka Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi,
upepo ukiwa umeshafunga bandari
na kufungua vifuniko vyote vya mapipa ya taka.
Bati la mita mbili, jina la baba yake kwa rangi nyekundu,
MIHOVILOVIC,
na ncha ya herufi ya mwisho ndiyo iliyompata begani.

Chini yake alikuwa Eleuterio Barría, mnyoa kondoo mstaafu,
aliyekuja kununua skrubu mbili.
Miaka ishirini na sita anakuja kila Alhamisi kwa skrubu mbili,
na Griselda hajawahi kumuuliza anajenga nini.

Huku Punta Arenas hufungwa kamba kati ya nguzo
ili wapita njia wajishikilie, upepo usiwachukue.
Aliiachia kamba
ili ashike mlango wa duka.

Usiku Griselda akautoa mkataba chini ya droo ya risiti:
bima ya dhima, kurasa kumi na tisa,
aliyoilipia kila Machi kwa kunung'unika,
kama mtu anayelisha mbwa asiyebweka.
Akausoma kwa mara ya kwanza, kidole mstarini.
Yeye ni "mwenye bima".
Duka, ambalo alizaliwa chumba cha juu yake, ni "eneo la biashara".
Eleuterio akamtafuta kurasa tano asimwone
mpaka kipengele cha sita, katikati ya sentensi ndefu:
"mtu wa tatu".

Wa tatu!
Na wa pili ni nani?
Kampuni moja ya Santiago isiyojua harufu ya tapentaini yake
imekaa kati yao kama shemeji mgeni,
inashika mkoba, inasema: ngojeni, nitazungumza mimi.

Kipengele cha tisa:
mwenye bima hatakiri kosa, hataahidi malipo,
hatatoa kauli yoyote kwa aliyeumia
bila idhini ya maandishi.

Mkate ulikuwa umeshaingia kwenye oveni.

Nakwama hapa, mimi ninayeandika,
kwa kuwa lugha yangu ina neno ambalo kipengele cha tisa hakilijui.
Tunamwambia pole aliyejikwaa, aliyefiwa,
anayetoka kazini, aliyenyeshewa mvua,
na hakuna aliyewahi kutushtaki kwa sababu ya mvua.
Neno lililomjia Griselda ulimini lilikuwa "nisamehe",
na hilo lina ndoana;
angelitupa mlangoni pa mzee
lingerudi limevuta duka zima.

Jumatatu akaja mkadiriaji, Yanira Oyarzo,
mfukoni tepu, shingoni kamera,
akapanda ngazi bila kuomba ashikiwe.
"Nati hizi zilikaguliwa lini?"
"Baba alizikaza."
"Lini?"
Griselda akatazama ukuta,
pale penye mstatili mweupe ambao jua halijaugusa miaka arobaini.
"Alifariki mwaka wa tisini na nane."
Yanira akaandika, akapuliza kutu vidoleni,
kisha akasema taratibu, si kama mkadiriaji:
hata ya mama yangu, sijawahi kuikagua.

Kampuni ikaukubali mtulinga uliovunjika,
picha za eksirei, wiki saba za mkono kwenye kitambaa.
Sehemu ya kwanza ya hasara ni ya Griselda mwenyewe:
bei ya mikebe arobaini ya rangi nyeupe.
Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba.
Risiti hawakuionyesha.

Lakini hayo yalikuja baadaye, kwa posta.
Alhamisi iliyofuata, saa nne, alifunga duka,
akashika kamba kwa mkono mmoja hadi mtaa wa tatu,
akabisha mlango kwa kiwiko.
Hakukiri. Hakuahidi. Hakutoa kauli.
Mkate ulikuwa umepoa njiani.

Mzee akamtazama kitambo, bega limefungwa,
ndevu zimeota upande asioweza kuufikia.
"Skrubu zangu?"

Zilikuwa mfukoni mwa aproni,
tangu siku ile.