Na Mkojo?

Cheyo nzima iliuombea moyo.
Padri aliutaja, shangazi aliutaja,
hata fundi baiskeli, asiyesali kamwe,
aliinua spana akasema: Mungu ausimamie.
Figo hakuzitaja mtu.

Nami nisingezitaja
kama si Dokta Mlekwa wa Kitete
aliyemimina mezani mkoba wa mama
akahesabu vidonge vya mgongo,
vile vya kila jioni, tumbaku hadi tumbaku.
"Hivi vinakutuliza wewe
huku vikizichoma figo kimyakimya.
Siku watakapousimamisha moyo
mashine ndiyo itakayosukuma damu,
na mashine haijui nani ana kiu.
Tuanze kuzilinda leo."

Mama akacheka: "Na mgongo, alindwe na nani?"
Lakini vidonge akaniachia.
Wiki tatu alilala akiuma kona ya khanga,
akanywa maji kwa kipimo alichopewa,
akapanda treni.

Jana wamempasua kifua.
Mihayo yuko naye Dar. Mimi niko hapa
na simu, na ndoo.
Bomba letu hutoa maji usiku tu:
upepo kwanza, kisha kikohozi, kisha tone.

Saa tatu: *Wameuwasha moyo. Unapiga.*
Nyumba ikalipuka vigelegele.
Nikaandika: *Na mkojo?*
Saa tano: *Kidogo. Mweusi kama asali ya mzinga mkongwe.*
(Mihayo anauza asali, rangi nyingine hazijui.)
Saa saba: *Wamepandisha presha. Nesi hakai,
anauchungulia mfuko kama mrina asiye na moshi.*
Saa nane, kimya.

Nilikaa uani, ndoo katikati ya magoti.
Shangazi anakoroma. Vigelegele vimelala.
Nikaziwaza zile mbili, gizani nyuma ya mbavu,
zisizodunda mtu akipenda,
zisizotajwa harusini wala msibani,
zilizomeza miaka kumi na mmoja ya vidonge
bila kubisha hodi.
Sikupiga magoti. Nilisema tu:
Na nyie. Na nyie jamani.

Saa kumi na nusu bomba likakohoa.
Saa kumi na moja, simu:
*Mililita sitini kwa saa. Umekuwa mwepesi,
asali ya nyuki wadogo kabisa.*

Ti, ikasema ndoo. Ti. Ti.
Sikumwamsha mtu.
Mgongo
tutauuliza akirudi.