Mshale Uelekee Mtamboni

Agosti, Laredo, saa tisa alasiri.
Kiyoyozi kinanguruma kama mwenye pumu,
na kwenye matundu ya dari hakutoki baridi,
unatoka uvuguvugu,
pumzi ya mtu aliyelala na deni.

Nimempigia shemeji Eleuterio, fundi.
Yuko juu ya paa la watu huko Corpus Christi,
upepo unampiga simuni.
"Kichujio umebadilisha lini?"
Kichujio kipi?
Akanyamaza,
unyamavu wa daktari anayeinua picha ya mapafu dirishani.

Basi nikatafuta.
Nikaanza nje, kwenye lile sanduku la chuma lenye feni.
"Huko hakuna. Huko ni kutema joto tu. Toka juani."
Nikafungua kabati la mtambo:
ufagio, taa za Krismasi,
kopo la rangi ambayo ukuta wake sikuukumbuka.
"Ubavuni, hewa inapoingilia, hakuna kijimlango chembamba?"
Bati tupu.
Nikapanda ngazi, nikatumbukiza kichwa darini,
tanuri! Nyuzi za kioo zikaniwasha hadi kwapani.

"Shuka, Oralia, utazimia.
Nyumba haitoi pumzi bila kuvuta.
Tafuta inapovutia.
Chukua karatasi ya chooni, tembea nayo ukutani."

Mnione basi,
miaka sitini na mitatu, cherehani imenipinda mgongo,
nazunguka nyumbani na ukanda wa karatasi
kama mjumbe wa jeshi lililoshindwa.
Sebuleni, kimya. Jikoni, kimya.
Ukumbini karatasi ikaniponyoka,
ikaruka, ikaganda
kwenye blanketi langu la viraka.

Blanketi hilo nililishona miezi kumi na minne,
na nililitundika hapo mwenyewe, kwa misumari minne,
kwa sababu ukuta ulikuwa ukipiga miluzi usiku.
Sikuuliza kwa nini.
Nilimziba mtu pua
kisha nikamlaumu kwa kukoroma.

"Zima mtambo kwanza," akasema Eleuterio, akicheka vibaya.
Nikazima. Nikang'oa misumari.
Grili nyeupe, vishikizo viwili,
na nyuma yake kitu cha kijivu, kinene, laini,
kama kofia ya sufi iliyosahauliwa mvuani.

Ubavuni mwa fremu ya kadibodi, kwa penseli,
mwandiko wa bwana Tuttle aliyeniuzia nyumba,
mstaafu wa reli, mtu wa ratiba:
Novemba. Desemba. Januari. Februari. Machi.
Machi ya miaka sita iliyopita.
Na chini yake: *Mshale uelekee mtamboni.*
Aliniandikia mimi, bila kunijua.

Nikakibeba nje kama sinia.
Ndipo nikaona, katikati ya vumbi,
nywele fupi, nyekundu-kahawia.
Canelo.
Tulimzika mbwa huyu majira ya baridi ya juzi,
nikafua matandiko yake, nikafagia, nikafagia tena,
nikidhani nimemaliza.
Kumbe nyumba ilikuwa imemshika.

Nilisimama na pipa la taka wazi
muda mrefu kuliko inavyostahili vumbi.

Dukani kijana akanizuia nisichukue kile cha bei kubwa:
"Kinabana mno, mama, mtambo mkongwe utakosa pumzi."
Ishirini kwa ishirini na tano, unene inchi moja.
Nikanunua vitatu.
"Kila mwezi wa joto, kinyanyue mbele ya taa.
Usipoona mwanga ng'ambo, kitupe."

Nimekiingiza. Mshale ndani.
Nimeandika kwa penseli: *Agosti 9, O.*
Saa mbili usiku baridi ikafika miguuni,
kwa woga, kama mgeni asiyejua kama amealikwa.

Blanketi sasa liko kitandani, na matundu yake manne.
Ukuta umeanza tena miluzi yake.
Nalala mlango wazi, nausikiliza.
Sauti ni mbaya kweli.