Kiti cha Moto

Jumamosi, saa kumi, mtaa wa Ghala,
nje lami inatokota kama uji uliosahauliwa jikoni,
na mimi ndani, juu ya marumaru ya baridi,
nayazunguka magari mawili
kama fundi cherehani anayempima bibi harusi.

La kwanza, silinda nane.
Muuzaji, kijana wa Barka aitwaye Muhannad,
alibonya kitufe, likakohoa mara moja,
kisha likanguruma kwa chini, kwa chini,
hata vioo vya ofisi ya mikopo vikalijibu.
Nikasikia kifua changu kikiitika labeka.

La pili, silinda sita, na betri chini ya sakafu.
Alibonya. Nikangoja.
"Limeshawaka," akasema.
Nikatazama kando, kama mtu aliyesalimiwa asisikie.

"Yote yana mbio. Hili kimya hata linatangulia
mpaka kufika mia moja. Baada ya hapo…"
Akainua mabega. Baada ya hapo ni kamera,
na kamera za njia ya Nizwa
hazijui ulilipa riali ngapi.

Kisha madaraja. Ndugu yangu, madaraja!
La chini lina ngozi, ila ngozi ya hivi hivi.
La kati, ngozi ya ndama aliyelelewa mbali na seng'enge
asije akachubuka.
La juu, uzi wa mshono kwa rangi uitakayo,
na spika ishirini na tisa,
nami nina masikio mawili tu,
moja nililiacha kwenye jenereta za Fahud.
Rimu za inchi ishirini na tatu:
kwa bei yake ungemwoza kijana
ukabakiwa na pesa ya halua.
Kiti cha kukanda mgongo. Kiti cha kupuliza baridi.
Kiti cha kupasha moto makalio.
Maskati! Mwezi wa saba!
"Kinakuja nacho," Muhannad akasema, akaona haya.

Thuwaiba, mke wangu, alikuwa kimya muda wote,
kahawa ya bure mkono huu, tende ya tatu mkono huu.
"Mama atapandaje?"

Swali dogo. Likatua juu ya boneti kama nzi.

Mama ana nyonga ya chuma tangu mwaka juzi,
na kila mwezi lazima apande Jabal Akhdhar kwa dada yake,
wagombane kidogo, arudi.

Muhannad akagusa kitu mlangoni.
Lile kimya likashusha pumzi,
likainama, likainama, kizingiti kikafika chini,
kama kijana mwenye adabu anayeokota bakora ya mtu.
"Na la silinda nane?"
"Hufanya pia. Ila kwa daraja la juu."
Nikaitazama kalkuleta. Kalkuleta ikanitazama.

Nikatia sahihi. Daraja la kati.
Kiti cha moto kimo.

Januari, Birkat al-Mauz, kizuizini,
askari hakuuliza silinda wala uzi wa mshono.
Alichungulia chini ya gari. "Fowili?"
"Fowili." "Pita."
Mama, nyuma, akagonga kiti changu:
"We Zahor, si uwashe gari twende?"
"Tunakwenda, mama."
Akatazama nje, akaona kweli milima inarudi nyuma,
akavuta mtandio, hakusema kitu.

Kona ya tano silinda nane ikatupita,
nyeusi, koo wazi lote,
bonde likaurudia mlio wake mara mbili.
Thuwaiba hakutazama gari. Alitazama vidole vyangu,
vilivyokuwa vinapiga ngoma juu ya usukani.
"Umeona?" nikasema.
"Nimeona."

Juu kabisa, nyuzi sita, upepo wa kukwaruza.
Mama akajisogeza, akashika nyonga, akatulia.
"Hiki kiti kina moto. Nani kakiwasha?"
Nikanyoosha mkono kwenye skrini.
"Aa-aa," akasema, macho ameshafumba.
"Usizime."