Vidole vya Verlene

Miaka kumi na tisa alipigilia farasi viatu vya chuma,
huko Missouri, mabanda yameganda barafu mlangoni;
aliujua mguu unaouma kabla mnyama hajachechemea.

Sasa ana arobaini na mbili, yuko darasani,
deni la karo limemkwama kooni kama mwiba wa samaki,
na kijana, rika la mwanawe, amelala kifudifudi mezani.
"Usisukume," asema Profesa Haugen. "Sikiliza."

Anafumba macho. Pingili ya nne, ya tano,
hapo. Nyama imekaza kama mtu aliyemeza neno.

Kemia alifeli mara mbili.
Lakini mkono huu, wenye kovu la kwato,
unangoja,
unangoja,
hadi mgongo wa mtu baki
ushushe pumzi.