Vikombe vya Gesine

Waliposhinda, pale pale kwao, Osnabrück,
kombe liliinuliwa, likapigwa picha,
likaenda kukaa ofisini.
Gesine akapewa vikombe.

Vikombe, ndiyo. Vya kahawa, na visahani vyake,
birika, bakuli la sukari, maua mekundu ubavuni.
Wanaume wangepewa hundi.
Hawa, wakubwa waliona, watakuwa na wageni.

Alivifunga kwa soksi za mechi, zingali na tope,
akavipakia kwenye gari bovu la kaka yake.
Jumatatu yuko posta, dirisha namba tatu, anagonga mihuri,
goti limevimba, foleni imefika mlangoni,
na bwana mmoja: "Jana mlitupa raha, binti."
Kisha akaomba stempu mbili
na kuhesabu chenji yake mara mbili.

Leo Wiebke, mjukuu, beki wa kulia wa timu ya shule,
anauliza kwa nini kabati lile halifunguliwi.

Gesine analifungua.
Maziwa mengi, kahawa tone tu,
ndani ya kikombe chenye ufa.
Ufa ni wa barabara, anasema, si wa hasira.
Anakoroga.
Labda na hasira kidogo.

Wiebke anakishika kwa mikono miwili,
anapanda juu ya kiti,
anakiinua mpaka kinagusa taa,
maziwa yanamwagikia kitambaa cheupe cha Jumapili,
na bibi, ambaye tangu siku ile
hakuwahi kupaza sauti ndani ya nyumba hii,
anapiga ukelele wa jukwaa zima.