Isichemke

Saa nane na nusu mchana, na Oulu imekwisha kuwasha taa.
Nje theluji inaanguka bila haraka,
kama mtu anayechekecha unga na ana siku nzima.
Mimi nina sufuria, kisu, viazi saba vilivyoanza kuota macho,
na nusu ya samoni kutoka kwa Taisto wa sokoni,
aliyeniongezea kichwa bure akisema, "Irmeli,
supu bila kichwa ni barua bila sahihi."

Taisto humwambia hivyo kila mteja. Najua.
Nilikichukua.

Kichwa kimetangulia majini pamoja na kitunguu
na punje zile zinazojifanya pilipili manga,
kumbe ukizinusa ni karafuu tupu.
Baada ya robo saa harufu imeshuka ngazi
hadi ghorofa ya pili,
maana namsikia mbwa wa kina Kortelainen akilalamika.

Oiva ananisomea gazeti, habari za barabara iliyofungwa.
Hapiki, ila anaonja.
Anakuja na kijiko chake cha mbao, anapuliza, anafumba jicho moja
kama alivyokuwa akipima kuta enzi za uashi wake.
"Chumvi," anasema.
Miaka thelathini na nane, neno ni hilo hilo.
Namgeuzia mgongo, natia nusu ya anayoitaka.
Ndiyo ndoa, kama hamjawahi kuambiwa.

Viazi ndani. Liki ndani. Siagi, kwa jicho na si kwa mizani.
Kisha maziwa, kisha krimu,
na hapo moto unashushwa hadi unong'one.
Ndiyo sheria pekee niliyoachiwa na mama mkwe,
mwanamke ambaye hakuniachia kingine ila mapazia:
maziwa yakishaingia, supu isichemke.
Itetemeke tu. Ipate joto kama mkono ndani ya glavu.

Simu inalia. Ni Saimi, binti yetu, yuko Turku,
ana wageni watatu na samaki mbichi mezani.
"Mama, nianzie wapi?"
Anzia kichwani, nasema. Hana kichwa,
samaki wake alizaliwa ndani ya plastiki.
Basi anzia kwenye kitunguu.
Viazi vikatwe vikubwa visije vikawa uji,
shibiti mwishoni, ngumi nzima, usiionee huruma.
Punje nane. Anauliza ni gramu ngapi.
Nane, nasema. Anauliza kubwa au ndogo.
Wewe na baba yako!
Kisha sauti ya mama mkwe inanipanda kooni, naisikia kabisa:
"Kitu kimoja usisahau, mwanangu. Maziwa yakishaingia..."

Nyuma yangu, fshshshsh.

Krimu imevuka ukingo, inakimbia juu ya jiko,
inaungua, inanuka, inashuka mlangoni mwa oveni.
Oiva ameinua macho gazetini.
"Inachemka," anasema.

Maziwa yakikatika hayaungiki.
Supu imejaa vijiwe vyeupe kama mtindi uliogombana na maji yake,
na Saimi bado yuko sikioni: "Mama? Yakishaingia, nini?"
"Yakishaingia, usipokee simu."

Tukaila hivyo hivyo.
Mkate wa shayiri ulikuwa bado wa moto,
siagi ikatiririka hadi viganjani, tukailamba bila aibu,
sisi wawili na miaka yetu yote.
Samaki alimeguka kabla kijiko hakijamgusa.
Oiva akala sahani ya pili. Akala ya tatu.
Akakwangua sufuria hadi kwenye ukoko wa maziwa,
wenye utamu wa kitu kilichonusurika moto.
Nilimsubiri. Hakutaja chumvi.

Saa mbili usiku Saimi akatuma picha:
supu nyeupe, laini, haina hata kunyanzi,
imenyooka kama mapazia ya bibi yake.
Oiva akavaa miwani, akaisogeza simu karibu na taa,
akafumba jicho moja.

"Nzuri," akasema. "Ila hiyo haina chumvi."