Hesabu ya Mlango

Daftari hili lilikuwa la duka la baba.
Kurasa za mbele: sukari, mchele, mafuta ya taa,
na majina ya waliokopa wakasahau.
Nimeligeuza juu chini. Kurasa za nyuma ni za mama.

Boti hadi Mokowe, watu wawili.
Basi hadi Mombasa, watu wawili, mmoja anatapika.
Kumwona daktari.
Kukata kinyama cha titi, kidogo kama punje ya kunde.
Kukipima.
Kungoja majibu siku kumi na tisa kwa Mishi wa Majengo,
ambaye hakutaka kodi, ila umeme tulilipa sisi.

Sikupata safu ya kuandika
kwamba mama aliuliza bei kwanza,
jina la ugonjwa akaliuliza baadaye,
kama mtu anayeuliza nguru sokoni
naye kapu lake amekuja nalo kwa ajili ya dagaa.

Bima ilitubeba mpaka dozi ya tatu
ikatutua njiani.
"Kadi imefika kikomo," alisema kijana wa dirishani,
kwa upole. Nadhani alikuwa amechoka kulisema.

Ya nne ni bangili.
Ya tano ni minazi ya Matondoni,
thumuni aliyoirithi kwa baba.
Ya sita, mlango.

Mlango wenyewe mliuona. Nani alipita Mkomani
asiupitishie kiganja?
Aliuchonga babu yake mama, Bwanaheri Famau:
maua kumi na mawili juu, na la kumi na tatu nusu,
maana katikati ya ua hilo alipata kazi ya kulipwa.

Akaja bwana wa hoteli ya Shela na futi ya chuma.
Akapima urefu, akapima upana,
akaugonga kwa kidole na kutega sikio
kama daktari alivyougonga mgongo wa mama.
Walioubeba walikuwa wanane.
Sisi tukatia plaiwudi na kofuli la Kichina.
Ukuta wa mawe, unene wa mkono mzima,
umefungwa kwa ubao wa sanduku la majani ya chai.

Bango la zahanati linasema: Wahi mapema, hutibika.
Plaiwudi yetu haisemi kitu,
na mtaa mzima umeisoma.

Juma la pili baada ya Maulidi, usiku,
plaiwudi ikagongwa. Haina sauti ya mlango, ina sauti ya debe.
Ni Somoe Athman, mshona kofia, wa nyumba ya tatu.
Hakuuliza kama dawa inaunguza mishipa.
Hakuuliza kama nywele huota tena.
"Mlango mliuza kwa ngapi?"

Nikamtajia.
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
Kofia moja ni miezi miwili ya macho yake.
Vidole vikaisha.
"Basi," akasema, "si yambo,"
akavuta buibui kifuani, upande wa kushoto,
na mkono ukakaa pale
muda mrefu kuliko nguo inavyohitaji.

"Tangu lini, Somoe?"
"Mfungo tatu," akasema, akiwa tayari uchochoroni.

Siku moja mtu mwenye koti jeupe
ataandika kwenye faili: mgonjwa alichelewa kufika.
Hakuchelewa. Alifika.
Alifika kwetu, akasoma bei mlangoni, akarudi.

Mama aliuliza kutoka kitandani, "Nani huyo?"
Nikamwambia. Akanyamaza
mpaka nikadhani usingizi umemchukua.

"Daftari liko wapi?"
Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina lake juu.
Boti hadi Mokowe, watu wawili.
Upande wa pesa nikauacha mweupe.

"Andika watatu," mama akasema.
"Hospitali ile kubwa. Nani atamwonyesha choo?"